Mtoto Aliyetangulia Akae na Nani?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi jijini Dar es Salaam, mbele ya wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, kuhusu mtoto aliyewatangulia wenzake wa rika lake kimasomo. Waliokosa kufika waliomba yawekwe yote, nami nimeyaweka kama yalivyosemwa. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Na watoto mliokuja kwa sababu hakuna wa kuwaachia nyumbani, hamjambo? Wewe mwenye kitabu hapo mlangoni, endelea kusoma mwanangu, haya ni maneno ya wakubwa.

Nimefundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu nyumba yangu haikauki watoto. Wanaletwa na wazazi kama ninyi. Mama anaingia, anapewa maji, anazunguka kidogo na habari za foleni ya Mwenge, kisha anateremsha sauti. "Mwalimu, huyu ana miaka saba. Anasoma gazeti. Anagawanya desimali kwa kichwa. Shuleni alikuwa anamaliza kazi kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni, halafu anaanza kuchokoza wenzake, anachapwa. Tumeamua kumfundisha wenyewe. Sasa Mwalimu, atakaa na nani?"

Mmelisikia swali lenyewe? Hakuuliza atasoma nini. Cha kusoma kipo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ipo tangu mwaka 1967, milango iko wazi, viti vinasubiri watu. Hakuuliza hata gharama, na sisi kwa kuuliza bei hatujambo. Aliuliza atakaa na nani. Na nyuma yake kuna bibi wa mtoto, ambaye kila akija anauliza mbona mjukuu wake anafungiwa ndani kama mwali.

Leo nimekuja kwa swali hilo moja tu. Na jibu langu nalitoa mapema, ili atakayesinzia asilikose: hakuna mahali pamoja patakapomtosha mtoto huyu, acheni kupatafuta. Mtafutieni mahali pengi, kila pamoja pawe padogo.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto aliyetangulia ana umri zaidi ya mmoja.

Kuna kijana mmoja wa miaka minane, wazazi wake hawamo humu, kwa hiyo naweza kumsema. Alikuja kwangu na daftari la milinganyo sambamba, kazi ya sekondari, akaifanya mezani pangu huku anatikisa miguu kwa sababu haifiki chini. Hakukosea hata moja. Tukaleta chai. Mdogo wake wa miaka mitatu akachukua andazi la mwisho kwenye sahani. Jamani! Kijana wetu wa milinganyo akajitupa sakafuni, akalia mpaka kamasi. Mama yake akaona haya. "Mtu mzima wewe, unajua aljebra, unalilia andazi?"

Nikamwambia mama, ngoja kwanza. Nani kakwambia ni mtu mzima? Kwenye aljebra ana miaka kumi na minne. Kwenye kusoma labda kumi na miwili. Kwenye mwandiko, nimeuona mwandiko wake, ana sita. Na kwenye andazi ana minane kamili, tena ana haki ya kuwa nayo. Ukimweka na watoto wa miaka kumi na minne kwa sababu ya aljebra, siku ya andazi watamcheka. Ukimweka na wa miaka minane kutwa nzima kwa sababu ya andazi, aljebra itamwozea kichwani. Sasa utamweka wapi? Ndiyo maana nasema mahali pengi.

Wapo waliolifanya hili, tena wakalifanya kwa utulivu. Terence Tao alizaliwa mwaka 1975 mjini Adelaide, Australia. Wazazi wake walihamia huko kutoka Hong Kong; baba daktari wa watoto, mama aliwahi kufundisha hisabati na fizikia. Walimwanzisha shule akiwa na miaka mitatu na nusu. Masomo aliyaweza. Kukaa darasani na watoto waliomzidi umri hakukuweza. Wangeweza kumng'ang'aniza, majirani wameshaona, jina limeshatoka. Hawakumng'ang'aniza. Wiki chache tu wakamrudisha nyumbani, mama akawa anamfundisha taratibu mpaka alipofikisha mitano, ndipo akaingia shule ya msingi.

Na huko shuleni mtazameni anavyogawanywa. Kila somo akakaa na darasa linalomfaa. Alipofika miaka minane, kwa hisabati akawa anakwenda sekondari ya karibu, kisha anarudi kwa wenzake wa msingi. Muda si mrefu akawa anahudhuria hisabati za chuo kikuu, kwa vipindi tu. Mwaka 1986 alikwenda kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati akarudi na shaba, mwaka uliofuata fedha, na mwaka 1988 dhahabu, akiwa ndiyo kwanza anaingia miaka kumi na mitatu. Unadhani baada ya shaba ile wazazi walimpeleka chuo kikuu moja kwa moja? Walisubiri. Alijiunga kuwa mwanafunzi wa muda wote akiwa na miaka kumi na minne hivi. Mwaka 2006 akapewa Medali ya Fields, ambayo kwa watu wa hisabati hakuna ya kuizidi.

Naona baba mmoja anaandika "Medali ya Fields" kwenye daftari. Baba, futa. Andika ratiba. Andika hivi: Jumatatu hapa, Jumanne pale, mchana nyumbani. Medali ni ya Tao, ratiba ndiyo unayoweza kuiiga.

Mtasema hayo ni ya Australia. Haya, turudi kwetu.

Nani humu alisoma chuo cha Kurani? Inueni mikono. Mnaona? Nusu ya ukumbi. Sasa niambieni, chuoni kwenu kulikuwa na darasa la tatu B? Hakukuwa nalo. Kulikuwa na aliye kwenye Amma, juzuu wanaloanzia wadogo, na aliyefika Tabaraka, linalofuata, na aliyekaribia kuhitimu. Mtoto wa miaka sita mwenye kumbukumbu nzuri alimpita wa miaka kumi na moja, akasogezwa mkekani karibu na wakubwa, na mwalimu akamwambia yule wa kumi na moja amsikilize huyu mdogo, au huyu mdogo amsikilize yule. Nani alishangaa? Nani aliita kikao cha wazazi kwamba fulani amerushwa darasa? Kila mmoja alikuwa na ubao wake, au juzuu lake, na alisogea alipoweza. Na ulipofika wakati wa kupumzika, wote walitoka kucheza chandimu, na pale chandimuni aliyehifadhi juzuu tatu alipigwa chenga na aliyekwama kwenye Amma.

Na upande wa kanisani ni hivyo hivyo kwenye kwaya. Mtoto akiwa na sikio anawekwa na sauti anayoiweza, hata kama waliomzunguka wana mvi.

Nasema haya kwa sababu nawasikia wazazi wakizungumza kana kwamba kuchanganya watoto wa rika mbalimbali ni jambo la kigeni, limekuja na mitaala ya Ulaya kwenye kompyuta. Babu zetu wamelifanya. Kilicho kigeni ni kuwapanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, tena ni cha juzi.

Tuendelee kidogo hapo hapo, maana nina kisa cha baraza. Alikuwepo mtoto wa miaka tisa, mwanafunzi wangu wa nyumbani, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda katika jambo lolote la kichwa. Baba yake hakumweza kwenye drafti. Kaka zake hawakumweza. Mimi kwenye hesabu za haraka alikuwa ananifukuza, na mimi ni mwalimu. Akawa na tabia moja mbaya: akiona swali lina dalili ya kumshinda, anasema halimvutii. Mnaijua tabia hiyo? Naona akina mama wanaangaliana. Mnaijua.

Nikamwambia baba yake ampeleke kwa wazee wa bao. Wapo wazee Temeke, wanakaa barazani kila jioni baada ya alasiri, kahawa na kashata pembeni. Bao lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na mnaanza na nyingi mkononi. Mtoto akaangalia kidogo akasema, hili ni la kuhesabu tu. Akakaa. Akawa anakimbilia kula. Kila akiona kete za mzee anazichukua, anafurahi. Mzee hana haraka, anatakata tu, yaani anazungusha kete zake bila kula, anakohoa, anaomba kahawa. Kete za mkononi zilipokwisha, mchezo ukaingia mtaji, hatua yake ya pili, nyumba ya mtoto, lile shimo lake la kete nyingi, haipo tena. Mzee akamuuliza, "Mjukuu wangu, ulipokuwa unatembea kula kwa watu, nyumba yako ulimwachia nani?" Baraza zima likaangua kicheko.

Alifungwa jioni ile. Akafungwa ya pili. Baba yake aliniambia siku ya tatu mtoto hakutaka kwenda, na siku ya nne alikuwa wa kwanza kuvaa kandambili. Kule aliamkia kila mtu shikamoo. Alitumwa kahawa. Alisubiri zamu yake, kitu ambacho nyumbani hajawahi kusubiri. Na alikaa na watu waliomzidi kichwa bila kuwa walimu wake wala wazazi wake. Alipokuja kwangu wiki iliyofuata, alikuwa na swali: kete moja ikianzia hapa, na mashimo yote yana mbili mbili, itazunguka mpaka ikomee wapi? Tukafanya kazi hiyo mwezi mzima. Ile "hainivutii" sikuisikia tena mara kwa mara.

Wazazi wangu, mtoto aliyetangulia lazima awe na mahali pa kushindwa. Nyumbani mnamsifu, na ni sawa mumsifu. Twisheni atashinda. Mtaani atashinda. Mtafutieni mahali pa kushindwa, tena na watu wanaompenda.

Sasa mnisikilize vizuri kwenye hili linalofuata, kwa sababu ni la hapa hapa nchini na dunia nzima inalijua kuliko tunavyolijua sisi.

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, alikuwepo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Friji moja, wanafunzi wengi, nafasi ya kugombea. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi. Akayaingiza yakiwa ya moto. Baadaye wanafungua friji, ya kwake yameganda, ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akamuuliza tena mwalimu wa huko, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo darasa likapata neno. Akikosea hesabu, "hisabati ya Mpemba". Mnaliona jambo hilo? Mtoto kaona kitu kwa macho yake, kakiuliza kwa adabu, kageuzwa utani wa shule.

 Siku moja akaja hapo Mkwawa mgeni kuzungumza nao, Dakta Denis Osborne, kutoka Chuo Kikuu kilichokuwa kichanga hapa Dar es Salaam. Ukafika wakati wa maswali. Mpemba akasimama akauliza lile lile: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, vyombo sawa, kiasi sawa, friji moja, kwa nini yale ya moto yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka, na wengine walikasirika kwamba anawaaibisha mbele ya mgeni. Osborne mwenyewe hakuamini. Lakini alifanya nini? Aliahidi kwenda kujaribu. Akarudi Dar, akampa kazi fundi wa maabara, na majibu yakaja vile vile alivyosema kijana. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, jina la Mpemba na jina la Osborne, katika jarida la kufundishia fizikia. Mpemba wakati huo alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kwa nini hutokea, na wengine kama hutokea kweli, na ubishi wenyewe wanauita kwa jina la mwanafunzi wa Magamba.

Mahali pa Mpemba palikuwa wapi? Darasani alicheka nani? Kila mtu. Mahali pake palikuwa mtu mmoja, kwa dakika chache za maswali, aliyesema nitakwenda kujaribu. Basi! Hakuhitaji shule maalumu. Alihitaji mtu.

Kwa hiyo kazi yenu wazazi ni kuwatafuta watu hao. Mtoto anapenda umeme? Fundi wa redio mwenye subira anamfaa kuliko kitabu cha rangi cha elfu arobaini. Anapenda nyota, wadudu, lugha, ramani? Mtafute mwanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, mhandisi mstaafu, muuguzi, nahodha. Usimwambie "nifundishie mtoto", atakuona mzigo. Mwambie, "Mwanangu ana maswali matatu, naomba nusu saa." Watu wanapenda kuulizwa mambo ya kazi yao, wengi hawajawahi kuulizwa. Na hapa niwe mkali kidogo: mlango uwe wazi na wewe uwepo. Mtoto mwenye akili ya miaka kumi na mitano bado ana mwili wa miaka minane, na mtu mzima anayekataa wewe uwepo, huyo mwache.

Nigusie na la simu, la kumtangaza mtoto kwa watu, maana naona zimeinuliwa. Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimpokea mtoto wa miaka kumi na mmoja, William James Sidis. Baba yake alikuwa mwanasaikolojia, na alitaka dunia ijue kwamba malezi yake ndiyo yaliyozaa hayo. Januari 1910 mtoto akasimama mbele ya wanahisabati kuwaeleza maumbo ya vipimo vinne, magazeti yakajaa. Akahitimu akiwa na miaka kumi na sita, halafu maisha yake yote yaliyobaki akawa anawakimbia waandishi. Akafanya kazi ndogo ndogo za ofisini, akakusanya tiketi za tramu, akaandika kitabu kizima kuhusu tiketi hizo kwa jina la kubuni. Mwaka 1937 jarida moja likamfukua tena na kumcheka. Akalishtaki kwa kuingilia faragha yake, akashindwa. Alifariki mwaka 1944, ana miaka 46. Simlaumu kwa tiketi, mimi mwenyewe nina watu nawajua wanakusanya vizibo vya soda na wana furaha. Nawauliza tu: yule mtoto anayetaja miji mikuu ya Afrika kwenye stetasi yako, nani alimuuliza kama anataka? Na akikua akataka kuacha kuwa yule wa kwenye stetasi, ataombea wapi ruhusa?

La mwisho ni la serikali, na nitalipita haraka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule aandikishwe na ahudhurie. Siwafichi hilo, na sitamwambia mtu aivunje. Mtendaji wa mtaa akigonga, asikute mzazi anayejificha. Nendeni mapema kwa afisa elimu kata, mwelezane. Wengi humu mna mtoto aliyeandikishwa shuleni na mafunzo yake makubwa yako nyumbani, na kwa maoni yangu ndiyo njia yenye milango mingi zaidi. Shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala zinapokea kwa mitihani ya taifa ya shule ya msingi. Mashindano ya hisabati na maonesho ya wanasayansi vijana, mara nyingi jina hupitia shuleni. Maabara nayo, mama utaweka bureti wapi, juu ya kabati la vyombo? Na aliyesoma nje ya mfumo moja kwa moja, kwa Baraza la Mitihani njia yake ni Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ndipo afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtaala umebadilika tangu mwaka 2024, kwa hiyo msinukuu habari za mtoto wa jirani aliyemaliza zamani, ulizeni upya.

Haya, tuingie kazini. Meza ya dirishani ni ya masomo: andikeni jina la mzazi, mtaa mnaokaa, na kitu ambacho mtoto anakipenda mpaka anawachosha. Umri msiandike. Meza ya mlangoni ni ya kucheza: kamba, mpira, baiskeli, kulala kwa rafiki. Hapo umri uandikwe, wa kweli, wa kwenye cheti cha kuzaliwa, na mtoto mmoja aandikwe meza zote mbili. Bao limeshatandikwa nje chini ya mwembe, wazee wawili wamekubali kukaa mpaka adhuhuri. Nipeni maswali matatu kabla ya chai. Baba wa shati la kitenge, anza wewe.